Kidole Hakijaitwa

Ini lina bahati ambayo pua haijawahi kuionja: halifikiki. Hakuna abiria aliyewahi kukwama kwenye foleni ya Ubungo, akachoka kutazama kisogo cha mwenzake wa mbele, akaanza kulichokonoa ini lake kwa ukucha wa kidole cha mwisho. Figo haijawahi kutiwa ufunguo wa pikipiki. Bandama haijawahi kuzungushiwa unyoya wa kuku huku mwenyewe amefumba jicho moja na kupinda mdomo kwa raha. Viungo hivyo vimejikalia nyuma ya mbavu vinafanya kazi zao, na mwenye navyo hukumbuka kwamba anavyo siku anapoletewa majibu ya maabara. Pua, sikio na koo havikujaliwa hifadhi hiyo. Vimewekwa mbele, viko wazi usiku na mchana, na upana wa matundu yake unalingana, kwa namna ya kutia shaka, na vidole, njiti za kiberiti, vifuniko vya kalamu na punje za mahindi. Ninachodai ni hiki: sehemu kubwa ya misukosuko ya kila siku ya viungo hivi vitatu, ikiwemo ile ya fangasi ambayo kuitaja tu kunamfanya mtu ajishike pua, haianzi kwa adui kuvamia. Inaanza kwa mwenye mwili kufanya usafi.

Tumthibitishe kwanza mshukiwa, tusije tukamsingizia. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya dodoso walilolituma kwa posta kwa watu wazima 1,000, wakiwauliza bila kuzunguka kama wanachokonoa pua. Waliojibu walikuwa 254, na kati yao 91 kwa kila 100 walikiri. Kuhusu wale 746 ambao hawakurudisha dodoso sayansi imenyamaza, ila si dhambi kuhisi kwamba pengine mikono yao ilikuwa na shughuli. Miaka sita baadaye madaktari wawili wa Bangalore, India, Chittaranjan Andrade na B. S. Srihari, waliwauliza wanafunzi 200 swali hilo hilo, wakakuta karibu wote ni wachokonoaji, wa kawaida wao akifikisha mara nne kwa siku. Kazi hiyo iliwapatia tuzo ya Ig Nobel ya mwaka 2001, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. La kufikirisha ni hili: damu ya pua mara nyingi hutoka sehemu ya mbele ya ukuta unaoyagawa matundu mawili, palipokutana mishipa midogo mingi ya damu chini ya ngozi nyembamba, na hapo ndipo ncha ya kidole inapofika. Damu ikianza, msaada wa pili hufuata wa kwanza. Mtu huambiwa aangalie dari, damu inageuza njia na kushuka kooni, naye anaanza kutapika damu yake mwenyewe mbele ya wasaidizi ambao sasa wanapiga yowe. Alichotakiwa kufanya ni kuinama kidogo mbele na kuibana sehemu laini ya pua kwa dakika kumi hivi bila kuachia achia. Lakini kuinama kimya kwa dakika kumi hakuonekani kama msaada, na watu waliokusanyika wanataka kuona jambo likifanyika.

Sikio linaonewa zaidi, kwa sababu linaonewa kwa jina la usafi. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, na mwisho wake kuna kiwambo. Ngozi ya mfereji huo ina tabia ambayo ngozi ya mkono haina: inasogea polepole kutoka kwenye kiwambo kuelekea nje, imebeba nta, vumbi na seli zilizokufa, na mwendo wa taya unaisukuma. Hivyo mtu anayetafuna muhogo wa kuchoma huku akimsengenya jirani yuko katikati ya usafi wa masikio wa kiwango cha juu kabisa, na hadai malipo. Nta yenyewe ina uchachu kidogo, ina mafuta yanayozuia maji, na inapunguza kasi ya bakteria na fangasi. Anayeikwangua yote anamfukuza mlinzi kazini kwa kosa la kuvaa sare chafu. Vijiti vya pamba tunavyovijua leo vilianza Marekani mwaka 1923 kwa mtu aitwaye Leo Gerstenzang, ambaye inasimuliwa kwamba alimwona mkewe akizungushia pamba kwenye kijiti cha meno ili amsafishe mtoto. Siku hizi boksi la vijiti hivyo hubeba onyo kwamba visiingizwe ndani ya mfereji wa sikio. Ni vigumu kutaja bidhaa nyingine ambayo karibu kila mnunuzi huichukua dukani kwa ajili ya jambo lile lile lililokatazwa kwenye boksi, tena akitoka hapo anamkumbusha mwanawe asome maelekezo kabla ya kujibu mtihani.

Kinachofuata kina mantiki safi. Pamba inatoa nta kidogo ya mbele, ile inayoonekana na kumpa mwenyewe furaha ya ushindi, na iliyobaki inashindiliwa ndani. Ngozi imekwaruzwa, mafuta yameondoka, na kwa anayeishi Tanga au Mombasa, mahali ambapo hata chumvi mezani inalowa yenyewe, mfereji sasa ni wa joto, unyevunyevu na hauna ulinzi. Hapo anaingia fangasi, mara nyingi Aspergillus niger au jamaa wa Candida. Sikio linawasha. Likiwasha linakunwa. Likikunwa linachubuka, na likichubuka fangasi wanapata eneo jipya la kujenga. Mgonjwa anakwenda duka la dawa, anaeleza kwamba sikio linasumbua, anapewa matone ya antibayotiki. Matone yale yanaua bakteria, ambao kwa sehemu fulani walikuwa wapinzani wa fangasi kwenye kugombea makazi, na yanaongeza majimaji juu ya majimaji. Wiki zinapita, kuwashwa kunazidi, sikio linaziba, na mtaalamu akichungulia kwa kifaa chake anakuta utando wa kijivu wenye madoa meusi, kama gazeti lililonyeshewa. Tiba yenyewe haina makuu: kusafishwa na mtu anayeona anachokisafisha, dawa ya fangasi ya kutia sikioni, na sikio kukaa kavu. Agizo la mwisho, la kuacha kulitia chochote, ndilo linalowashinda wagonjwa, na nina hakika wengi wao huliona kama daktari kutaka kuwanyima starehe.

Mtetezi wa kijiti atasema kwamba haya yanawapata wasiojua, na kwamba mtu makini mwenye mkono mtulivu hawezi kuharibu. Kwake yeye kuna kesi ya kihistoria iliyotokea hapa hapa Afrika Mashariki. Mwezi Machi 1858, mpelelezi wa Kiingereza John Hanning Speke alikuwa amelala kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika, akiwa safarini kutafuta jahazi la kukodi. Alikuwa ofisa wa jeshi, mwindaji hodari, mtu ambaye hakuna mtu angemwita mzembe wa mikono. Mwanga wa mshumaa ukavuta mbawakawa weusi wadogo hemani; akajaribu kuwafukuza, akakata tamaa, akalala nao. Mmoja akaingia sikioni na kuanza kuchimba kuelekea kwenye kiwambo. Speke alianza vizuri mno. Alitia siagi iliyoyeyushwa, na hilo linakaribia kabisa ushauri wa leo, kwamba mdudu aliye hai ndani ya sikio ambalo kiwambo chake ni kizima auawe kwanza kwa mafuta ya uvuguvugu, kisha mtu aende akatolewe hospitali. Siagi haikumnyamazisha mdudu kwa haraka aliyoitaka Speke, naye akachukua kisu cha kukunja.

Mbawakawa alikufa, hilo lazima tumpe. Lakini sikio lilitunga usaha, uso ukajipinda, tezi za shingo zikavimba hadi begani, akashindwa kufungua mdomo na kutafuna, akaishi kwa mchuzi kwa siku kadhaa. Aliandika mwenyewe kwamba sikio hilo lilibaki karibu kiziwi kwa miezi mingi, na kwamba tundu lilijitoboa kati ya sikio na pua, hata kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi, na waliomsikia wakacheka. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta miezi sita au saba baadaye. Piga hesabu: Speke alifika Mwanza na kuliona Ziwa Nyanza tarehe 3 Agosti 1858, miezi mitano tu baada ya tukio. Maana yake, siku ile anayosifiwa nayo vitabuni kwa kuliona ziwa ambalo Wasukuma walikuwa wakivua samaki humo tangu enzi za mababu, sehemu za mbawakawa zilikuwa zimo katika msafara. Na kama kuna anayetaka kumtetea, Speke mwenyewe alijitetea: alidai kwamba uvimbe wa sikio ulimsaidia kwa kuvuta uvimbe uliokuwa machoni, maana alikuwa akiugua macho pia. Utetezi wa namna hii utausikia mpaka leo kwa kila aliyejitibu akaharibu. Daima kuna kiungo kingine ambacho eti kilifaidika.

Pua nayo ina siri inayowaponza watu wengi kwa sababu hawakuambiwa. Matundu yake mawili hayafanyi kazi kwa nguvu sawa. Tishu za ndani hujaa damu upande mmoja na kunywea upande wa pili, kisha baada ya saa kadhaa hubadilishana zamu. Daktari wa Kijerumani Richard Kayser alilieleza jambo hili mwaka 1895, na pua ilikuwa ikilifanya muda mrefu kabla ya ruhusa yake. Ukilala ubavu, tundu la chini ndilo linaloelekea kuziba. Mtu asiyejua hili huamka saa nane usiku, anagundua kwamba tundu la kushoto limeziba, anahitimisha kwamba ni mgonjwa, na kesho yake ananunua matone ya kuzibua, yale yenye dawa za jamii ya oksimetazolini na zailometazolini. Matone yanafanya kazi kwa kasi ya ajabu, na kasi hiyo ndiyo mtego: yanaibana mishipa ya damu ndani ya pua, tishu zinanywea, hewa inapita kama upepo wa kusi. Yakiendelea kutumika kupita siku chache, kila yanapoisha nguvu mishipa hutanuka kuliko mwanzo na pua huziba zaidi, kwa hiyo mwenyewe anaongeza dozi ya kitu kinachomziba. Wapo wanaotembea na kichupa mfukoni kwa miaka, wakikiita dawa ya mafua sugu, na mafua yenyewe yaliondoka zamani bila kuaga. Kuwapa pole ni sawa, ila ni haki pia kusema kwamba ugonjwa wao wa sasa waliununua kwa risiti.

Sasa fangasi wenyewe, na hapa ndipo hoja yangu inapopata upinzani wenye uzito. Ndani ya mifupa ya uso, kuzunguka pua, kuna vyumba vya hewa ambavyo madaktari huviita sainasi, na vyumba hivyo vinaweza kuota fangasi kweli. Huyu si kidole, utaniambia. Hakuna kidole kinachofika nyuma ya shavu. Nakubali. Lakini tazama ilivyotokea tulipoanza kumtafuta mhalifu kwa pupa. Mwaka 1999 watafiti wa kliniki ya Mayo, huko Minnesota, walichunguza ute wa pua wa wagonjwa 210 wenye uvimbe sugu wa sainasi, wakitumia mbinu mpya za kuukusanya na kuuotesha. Walikuta fangasi kwa wagonjwa 96 kwa kila 100, na habari ikaenea kwamba chanzo cha ugonjwa huu unaosumbua mamilioni kimenaswa. Kulikuwa na jambo dogo tu la pembeni: walikuwa wamewachukua pia watu 14 wenye afya kwa ajili ya kulinganisha, na fangasi walipatikana kwa 14 kati ya 14. Wagonjwa walikuwa wasafi kidogo kuliko wazima! Ukifuata mantiki ya kwamba aliyekutwa eneo la tukio ndiye mwizi, ingebidi tuseme fangasi wanaleta afya.

Haikuishia hapo, maana binadamu akishampata mshukiwa hamwachii kirahisi. Watu walianza kuoshwa pua kwa dawa kali ya fangasi iitwayo amfoterisini B, kwa imani kwamba fangasi wakifa sainasi zitapona. Jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2006 liliwagawa wagonjwa 116 katika makundi mawili, moja likioshwa kwa dawa na jingine kwa maji yasiyo na dawa, bila wao wala madaktari wao kujua nani kapata nini. Dawa haikuwashinda waliooshwa kwa maji matupu. Ndiyo maana sishangai nikisikia mtu kapimwa, kaambiwa ana fangasi puani, na sasa anameza kila kitu kuanzia vidonge hadi kitunguu saumu kwa ajili ya vumbi la kawaida la dunia. Vijimbegu vya fangasi vimo katika udongo, katika mahindi ya ghalani, katika majani makavu, katika ukuta wa bafu, na tunavivuta kila siku. Kukutwa navyo puani kunathibitisha kwamba mtu amepumua.

Simaanishi kwamba fangasi wa sainasi ni hadithi. Kuna watu ambao miili yao hupambana na vijimbegu hivyo kwa mzio mkali, pua ikajaa vinyama na ute mzito unaonata. Hao huhitaji upasuaji na dawa za kutuliza mzio, na kazi kubwa ni kufungua njia, si kumsaka fangasi wa mwisho. Kuna wengine ambao fangasi hujikusanya kama bonge ndani ya chumba kimoja, hasa cha nyuma ya shavu, na kukaa humo miaka bila kula nyama ya mtu. Bonge huondolewa kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, na kwa kawaida basi. Inachekesha, au ingechekesha kama isingekuwa shavu la mtu, kwamba mojawapo ya mambo yanayohusishwa na bonge la shavuni ni dawa ya kuziba mzizi wa jino la juu inapopenya na kuingia ndani ya chumba kile. Na kuna aina inayotafuna taratibu mpaka kuelekea machoni, ambayo imeripotiwa sana Sudan, India na Pakistani. Katika aina zote hizi fangasi ni wale wale wanaopita puani mwa kila mtu. Kilichobadilika ni chumba kilichoziba, ute uliotuama, au kinga iliyopotea njia.

Hapo mpinzani wangu atatoa turufu yake: India, mwaka 2021. Fangasi waliopewa jina la fangasi weusi, wa kundi la Mucorales, waliingia kwenye sainasi za wagonjwa wa Uviko-19, wakapanda hadi machoni na ubongoni. Mwezi Mei serikali ya India iliyataka majimbo kuripoti kila mgonjwa, na kufikia mwisho wa Juni walikuwa wamehesabiwa zaidi ya 40,000. Watu walipoteza macho, taya na uhai. Sina mzaha na hilo, na mtu mwenye kisukari anayeona uso umevimba upande mmoja, magamba meusi puani au kitu kimoja kikionekana viwili, asisome insha. Aende hospitali saa hiyo hiyo. Ila turufu hii ikifunuliwa vizuri inaangukia upande wangu. Vijimbegu vya fangasi hao vilikuwemo India kabla ya Uviko-19 na vimo leo. Vilivyoongezeka kwa ghafla ni sukari ya damu isiyodhibitiwa na dawa za steroidi, ambazo kwa mgonjwa mahututi anayehitaji oksijeni huokoa maisha, lakini zilikuwa zikitumiwa pia na watu wasiozihitaji, mapema mno, kwa dozi kubwa mno, nyingine bila cheti cha daktari. Steroidi hupandisha sukari na kuilaza kinga, na fangasi hawa wanafurahia vyote viwili. Kwa wagonjwa wengi, msaada uliotolewa kwa wingi kupita haja ndio uliofungua njia.

Upinzani mgumu zaidi hautoki maabara. Unatoka kwa mtu anayesema: mimi nilifanya, nikapona. Nilijifukiza nikapona, nilimeza vidonge vya rangi mbili nikapona, mwiba wa sato ulikwama nikausukuma kwa tonge la ugali ukaenda. Huyu simbishii kwamba alipona. Nabisha kuhusu nani apewe shukrani. Mafua ya kawaida huondoka ndani ya siku saba hadi kumi hata ukiyatazama tu, na anayesumbuliwa nayo hufanya jambo jipya kila siku, kwa hiyo jambo alilofanya siku ya saba hupata sifa zote na la siku ya pili linaitwa feki. Kamasi ikigeuka kijani watu hukimbilia antibayotiki, ilhali rangi hiyo hutoka kwenye kemikali za chembe nyeupe za damu zinazopigana, wala haisemi kama zinapigana na virusi au bakteria. Na katika mafua mengi yaliyofika kwenye sainasi, yanayogeuka kuwa ya bakteria ni takriban mawili kwa mia au pungufu. Kujifukiza, tafiti zilizokusanywa pamoja hazijaonyesha faida ya uhakika kwa mafua, lakini wodi za majeraha ya moto zinawajua vizuri watoto waliomwagikiwa na sufuria ya nyungu. Na mwiba wa samaki mara nyingi huwa umekwaruza tu na kupita. Kinachobaki kuchoma ni mchubuko, na mchubuko haujali umemeza ugali au wali. Ule uliokwama kweli, tonge linaweza kuukandamiza uzame zaidi, na hapo daktari wa koo anapata kazi ya kutafuta mwiba chini ya ugali.

Koo lina msiba wake mzito zaidi, na hapa kicheko kinapungua. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kimekuwa kikikatwa kwa watoto katika sehemu nyingi za Tanzania na nchi jirani kwa sababu mtoto anakohoa na haponi. Kimeo hakisababishi kikohozi kisichopona. Huonekana kikubwa kwa sababu koo limevimba, na koo limevimba kwa sababu mtoto anakohoa; kimekutwa eneo la tukio, kama fangasi wa Minnesota. Mtoto anatoka damu, pengine anapata maambukizi kutokana na kisu, na ile nimonia au kifua kikuu kilichokuwa kikimkohoza kinapewa wiki nyingine za kukua bila dawa. Anayekata huwa na nia njema, na anayempeleka mtoto ni mzazi ambaye hajalala usiku mzima. Nia haijawahi kuwa tatizo katika habari hii yote.

Hata adabu inaweza kuumiza. Mwaka 2018 madaktari wa Leicester, Uingereza, waliripoti habari ya mwanamume wa miaka 34 aliyesikia chafya inakuja, akabana pua na kufumba mdomo kwa pamoja. Shinikizo lilipokosa pa kutokea lilitoboa ukuta wa nyuma ya koo. Shingo ikavimba na kutoa mlio wa kutatarika ikiguswa, sauti ikapotea, akalishwa kwa mrija kwa siku saba. Chafya ndiyo njia ya pua kujisafisha yenyewe, na njia yake ya heshima ni kiwiko au kitambaa, hata mbele ya wakwe.

Je, basi mtu akae amekunja mikono? Hapana, na hapa lazima nijirekebishe kabla sijageuka kuwa mhubiri wa uvivu. Nta ikiziba sikio hadi mtu hasikii, ilainishwe kwa matone na itolewe na mtu mwenye taa na mafunzo. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunawasaidia kweli wenye uvimbe sugu wa sainasi, ilimradi maji yawe yamechemshwa na kupoa: mwaka 2011 watu wawili wa Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yenye kijidudu Naegleria fowleri, ambacho ukikinywa hakikudhuru lakini ukikipandisha puani hufika ubongoni. Betri ndogo ya saa au ya kidoli ikiingia puani au sikioni mwa mtoto, hakuna kusubiri hata kesho, kwa sababu inaunguza nyama ndani ya saa chache. Nazo mbegu za maharage zisimwagiwe maji zikiwa puani, kwa sababu kila mpishi anajua harage linafanya nini kwenye maji.

Kwa harage hilo, hata hivyo, kuna msaada mmoja wa nyumbani uliopita mtihani, nao ulielezwa na daktari wa Marekani mwaka 1965. Mama anafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake kama anayembusu, anabana kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, kisha anapuliza kwa mkupuo mmoja; hewa inazunguka nyuma na kulisukuma harage kutoka. Hicho ndicho kidole pekee katika insha hii nilichokiona na kazi halali, na hata hicho kimekaa nje. Mapitio ya tafiti yameonyesha kwamba mbinu hiyo hufaulu kwa watoto takriban 60 kwa kila 100. Wale 40 waliobaki huendelea na safari ya hospitali wakiwa na harage lao lile lile, pamoja na busu, na mama ambaye shavuni pengine ana kamasi zilizotangulia kutoka.